Pembe na Umbali

Nilianza kumshuku kwa sababu namba zake zilikuwa nzuri mno.

Tulikuwa na daftari mbili, moja yangu na moja yake, na sharti tulilojiwekea tangu mwanzo: kila mmoja anapima peke yake, anaandika peke yake, na hakuna kuoneshana mpaka kila mtu awe ameipima nyota ileile mara kumi. Jumamosi mchana tulikaa barazani kwake, mtaa wa Kilibula, tukafungua daftari zote mbili na kulinganisha. Namba zangu zilitawanyika kama kuku walioona mwewe. Zake zilisimama kwenye mstari. Leo hii, kesho hiyohiyo, keshokutwa imeongezeka kidogo au imepungua kidogo, basi.

Mimi ni mtu wa maabara. Kazi yangu ni kukaa kwenye hadubini katika kituo kimoja cha afya hapa Uvira na kuhesabu vijidudu vya malaria katika damu za watu. Kazi hiyo imenifundisha kwamba jicho la binadamu halitulii. Hesabu kioo kilekile mara tatu, utapata majibu matatu, yanakaribiana lakini hayalingani. Zamani tulikuwa na mwenzetu mmoja ambaye majibu yake hayakupishana hata siku moja. Daktari alimsifu mbele yetu. Mimi nikaenda kwenye kisanduku chake, nikatoa vioo, nikavitazama kimoja kimoja, nikakuta vingine havijatiwa hata rangi. Kioo kisichotiwa rangi hakioneshi kitu. Kumbe alikuwa akijaza rejista huku anakunywa chai.

Kwa hiyo nilipoona namba za mzee zimenyooka vile, akili yangu ilikwenda moja kwa moja kwenye vioo vile.

Mzee mwenyewe alikuwa mstaafu wa bandari ya Kalundu. Kwa miaka mingi kazi yake ya asubuhi ilikuwa kushuka ngazi za gati na kusoma ubao wa kupimia maji ya ziwa, kisha kupanda na kuandika. Tulijuana siku alipokuja kupima homa. Nilimwambia akae kwenye benchi nje asubiri majibu, akakataa kwa adabu, alitaka kuona. Akaweka jicho kwenye hadubini, kisha akaniuliza:

"Mama, unajuaje kama uko unaandika ile unaona, haiko ile uliisha kuwaza?"

Hakuna mgonjwa aliyewahi kuniuliza hivyo. Alipopona alinialika kwake nikaone darubini aliyotumiwa na mwanawe anayeishi ng'ambo. Ilikuwa bomba jeupe, refu kupita mkono wangu, juu ya miguu mitatu. Ndani ya miezi michache nilikuwa nakwenda pale jioni mbili au tatu kila wiki.

Tulichokuwa tunapima ni nyota pacha. Ukitazama kwa macho matupu unaona nukta moja. Ukiweka darubini, nukta inapasuka na kuwa mbili. Pengine ni ujirani wa bahati tu, moja iko mbali sana nyuma ya mwenzake. Lakini nyingine ni pacha wa kweli, zinazungukana, na mzunguko mmoja unaweza kumaliza umri wa mtu na wa wajukuu zake. Ndiyo maana zinahitaji wapimaji wengi, kila mmoja kwao, wakiandika mambo mawili: umbali kati ya nyota hizo mbili, na pembe ambayo ile ndogo imeelekea ukianzia kaskazini. Kulikuwa na kundi la wapenzi wa kazi hiyo huko Ulaya wanaokusanya vipimo kwa barua pepe. Mzee aliwaandikia kwa Kifaransa chake cha ofisini, wakamjibu, wakatutumia lenzi ya kupimia. Ukichungulia ndani yake unaona rula ndogo iliyochongwa kwenye kioo, na duara la nyuzi za pembe likiizunguka.

Tulianza saa moja ya magharibi, giza likishashuka, na kabla ya saa mbili na nusu nilikuwa nimekwisha kupanda pikipiki kurudi kwangu. Mwaka ule hakuna aliyependa kuonekana barabarani baada ya hapo. Milio ya risasi ilisikika mara kwa mara upande wa bonde, na mjini kila mtu alimtazama mwenzake mikononi kabla ya kumtazama usoni. Umeme ulikuwa unakatika jioni nyingi. Kwa nyota hilo lilikuwa jambo jema, kwetu lilikuwa hatari, maana kwenye mtaa mzima wenye giza mwanga ulikuwa wetu peke yetu. Tena mwanga mwekundu. Tochi ya simu nilikuwa naifunga kipande cha mfuko mwekundu wa plastiki, kwa sababu mwanga mweupe unaliharibu jicho, linachukua robo saa kulizoea giza tena. Mtu aliyesimama barabarani aliona kitu chekundu kinawaka na kuzimika ndani ya ua wa mzee, na chini kule kuna ziwa, na ng'ambo ya ziwa kuna nchi ya watu.

Jirani yake, mama mmoja aliyewahi kuishi Kigoma, alichungulia juu ya ukuta wa matofali jioni moja.

"Hiyo bomba mnafanyia nini?" aliuliza.

Alimaanisha bomba, kama la maji. Lakini neno lile lilitoka pale likaenda kisimani, na kule kisimani likageuka. Hapa kwetu wengi husema bombe, kwa Kifaransa, wakimaanisha kile kinacholipuka. Wiki iliyofuata dereva wa pikipiki aliyenipeleka hakutaka kunifikisha mlangoni. Alinishusha kona, akasema, "Banasema pale kwa muzee kuko bombe. Minye niko na watoto." Mama wa Kigoma naye akaacha kuitikia salamu zangu. Nadhani aliogopa kuonekana kwamba ndiye aliyelitamka kwanza.

Wakati mtaa unatushuku sisi wawili, mimi nilikuwa namshuku mzee. Nilianza kukusanya ushahidi kimyakimya. Tangu mwezi wa tatu alikuwa ameacha kuielekeza darubini mwenyewe, akisema mgongo unamuuma, kwa hiyo mimi ndiye niliyeitafuta nyota na kumwachia nafasi. Alichukua muda mfupi kuliko mimi. Hakulalamika kamwe kwamba hewa inachezacheza, wakati msimu wa kiangazi, watu wakichoma majani milimani, nyota zinatetemeka kama zimo ndani ya maji. Na kilichonikera zaidi ni kwamba kundi la Ulaya lilipotuma wastani wa wapimaji wote, namba za mzee zilikuwa karibu na wastani ule kuliko zangu. Walimpongeza. Niliisoma barua ile kwenye simu yake, nikatabasamu, na moyoni nikasema: huyu ana kitabu mahali, ananakili.

Basi nikaamua kumtegea.

Ilikuwa mwezi wa saba. Tulikuwa tunapima pacha maarufu wa kusini, ile ambayo vitabu vya Kifaransa vinaiita Alfa ya Sentori. Wakati ule wa mwaka, giza likiingia tu, inakuwa imesimama juu ya ziwa kwa kusini, na pembeni yake, hatua chache za anga, kuna nyota nyingine yenye kung'aa karibu sawa nayo. Kwa darubini kama yetu, hiyo ya pembeni inaonekana moja tu, haipasuki. Nilipima pacha kwanza, nikaandika. Halafu, nikijifanya narekebisha miguu ya darubini, nikaisogeza mpaka kwa jirani.

"Tayari, papa," nikamwambia.

Akainama. Akaweka jicho. Alizungusha lenzi taratibu kwa vidole viwili, kama mtu anayepima kweli.

"Leo inaonekana?" niliuliza.

"Vizuri sana. Hewa imetulia."

Akainuka, akachukua kalamu, akaandika kwenye daftari yake kwa herufi zake kubwa. Nilipitisha tochi karibu, nikasoma. Pembe na umbali wa Alfa ya Sentori, vilevile kama juzi. Nyota isiyo na pacha ilikuwa imepewa pacha, na umbali, na pembe. Nilikuwa nimempata, na sikujua nimfanye nini.

Hapo ndipo geti lilipogongwa.

"Hodi. Mufungue, muzee." Ilikuwa sauti ya mkuu wa mtaa. Nyuma yake aliingia kijana aliyevaa kiraia, viatu visafi, ambaye hakusema anatoka ofisi gani, na askari wawili waliobaki mlangoni na bunduki zao. Kijana alitazama darubini, akatazama tochi yangu nyekundu, akanyoosha mkono kuomba daftari. Alisoma kwa sauti, akiwa amewasha taa ya simu yake.

"Pembe. Umbali. Pembe. Umbali." Akafungua ukurasa mwingine. "Umbali ya nini na nini?"

"Ya nyota na nyota, chef," mzee alijibu, kama tunavyowaita wakubwa hapa kwetu.

"Na iyi mwanga mwekundu, muko munaonesha nani ku ziwa?"

"Hakuna muntu tunaonesha. Ni ya kulinda macho."

Nilitaka kueleza, kijana akanizuia kwa kiganja. Alimgeukia mzee.

"Muzee, mule ndani sasa hivi uko unaona nini?"

"Nyota mbili. Moja kubwa, moja ndogo iko chini yake, kuume."

"Mama, iweke niangalie."

Nyota haingoji mtu. Dunia inazunguka, na baada ya dakika mbili nyota inakuwa imetoka kwenye kioo, lazima uisukume darubini kuifuata. Kwa hiyo nilikuwa na nafasi. Ningeweza kuisukuma zaidi kidogo, kurudi kwa pacha, na kijana yule angeona nyota mbili kama mzee alivyosema, na pengine mambo yangeishia hapo. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikufanya hivyo. Nilijiambia kwamba alikuwa anautazama mkono wangu. Lakini ukweli ni kwamba sehemu moja ya moyo wangu ilitaka mtu mwingine aone. Niliigusa darubini kidogo tu, nyota ileile moja ikarudi katikati, nikasogea.

Kijana akainama. Akafuta jicho kwa mkono wa shati, akainama tena.

"Minye naona moja."

Alinyanyua kichwa, akamtazama mzee.

"Moja tu. Muzee, uko unanidanganya juu ya nini?"

Askari mmoja alisogea kutoka mlangoni. Kijana alimulika uso wa mzee kwa mwanga mweupe wa simu, kutoka karibu, na mzee hakufumba macho kama mtu anavyofumba. Hapo niliona. Katikati ya kila jicho, mahali panapotakiwa kuwa peusi, palikuwa na rangi ya maji ya mchele. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Mimi, ninayevaa koti jeupe kila siku, nilikuwa nimechunguza namba zake kwa miezi na macho yake sikuyatazama.

"Chef, muzee haone," nilisema. "Angalia ile weupe. Ni ugonjwa."

"Kama haone, izi namba alizitosha wapi?"

Lilikuwa swali zuri. Mkuu wa mtaa alinitazama. Juu ya ukuta wa matofali niliona kitambaa cha kichwa cha mama wa Kigoma. Nikasema, kwa sauti ambayo wote waliisikia:

"Alizitunga. Leo nilimuwekea nyota moja makusudi, nione kama ataandika mbili. Haiko mambo ya vita, chef. Ni mambo yetu sisi wawili."

Mzee aligeuza uso upande niliokuwa nimesimama.

Kijana alinitaka nimwoneshe hizo mbili. Niliihamisha darubini mpaka kwenye Alfa ya Sentori, akachungulia, na safari hii alikaa muda mrefu. Nilimwuliza ndogo iko wapi. Akaelekeza kwa kidole, sawasawa. Kwa dakika moja alisahau kazi iliyomleta, akamwita askari wa karibu naye aone. Kisha akajikumbuka, akazichukua daftari zote mbili na lenzi ya kupimia, akasema zinakwenda kuchunguzwa. Ziliporudishwa, baada ya siku tisa, lenzi ilikuwa na alama ya kidole na daftari yangu ilikuwa imenyofolewa ukurasa. Sijui ulikuwa na nini. Niliwauliza, wakasema hakuna ukurasa uliotoka.

Usiku ule walipoondoka, mzee alibaki amesimama karibu na geti.

"Ni weye uliwaita?" aliniuliza.

"Hapana, papa."

"Siku ulinitegea mutego, njo siku banaingia."

Hata mimi, kama ningekuwa yeye, nisingemwamini mtu wa namna yangu. Asubuhi yake alifunga nyumba akaenda Sange kwa binti yake. Mtaani ikasemwa kwamba nimemuuza mzee wa watu, na walioogopa bombe jana yake ndio waliosema hivyo kwa sauti kubwa zaidi.

Niliacha Jumapili tatu zipite. Ya nne nilipanda gari kwenda Sange. Nilimkuta nyuma ya nyumba ya binti yake, ameketi kwenye mkeka na ungo wa mchele mapajani, anatoa mawe. Hakuwa akiuangalia mchele. Uso ulikuwa umeelekea barabarani, na vidole vilikuwa vinapita kwenye punje kwa haraka, vikisimama kila vilipokuta kitu kigumu. Jiwe likatoka, likatupwa. Jingine. Nilisimama pale nikiangalia, mpaka akasema:

"Kaa, mama. Nilisikia viatu vyako."

Nilikaa. Niliomba msamaha kwa ajili ya mtego, na kwa ajili ya kile nilichokisema mbele ya watu. Sikumwambia kuhusu nafasi ile niliyoiacha ipite nilipoigusa darubini, nilishindwa. Alisikiliza huku vidole vikiendelea.

"Tangu mvua ya mwezi wa tatu," alisema, "naona kama nguo nyeupe imeanikwa mbele yangu. Kitu kikubwa, cha karibu, naona. Nyota hapana. Nyota ilikuwa mwanga tu, imemwagika."

"Juu ya nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungeacha kuja."

"Na namba ulizitoa wapi? Una kitabu?"

Alicheka, mara ya kwanza. "Kitabu gani nitasoma na macho iyi? Nilizitoa kwako. Weye unahesabu na mudomo, mama. Kila jioni. Unapima mara moja unasema, mara mbili unasema, chinichini. Minye nakaa pale nasikia yote. Nikifika zamu yangu naandika ile ya katikati."

Ilinichukua muda kuelewa. Ni tabia ya maabara. Ninahesabu vijidudu kwa midomo na sijisikii. Zile namba zilizonyooka, zilizopongezwa Ulaya, zilikuwa zangu mwenyewe, zimechujwa na mtu mwenye masikio mazuri. Nilicheka naye, kisha nikakasirika tena, maana kosa lilikuwa palepale: vipimo vya mtu mmoja vilikuwa vimetumwa kama vya watu wawili.

Barua tuliiandika pamoja palepale Sange, yeye akitamka Kifaransa, mimi nikibonyeza simu. Tulieleza yote na kuomba vipimo vyake vya tangu mwezi wa tatu vifutwe. Walijibu baada ya siku chache, kwa upole. Walifuta. Lakini tangu hapo kila tunachotuma wanataka na picha za kurasa za daftari, kwa mkono wetu, pamoja na makosa yaliyokatwa. Wengine hawaombwi picha. Sijawahi kulalamika.

Alirudi Kilibula mwezi wa tisa. Madaktari wa macho wanaopita hospitalini mara mojamoja bado hawajapita, na jina lake liko kwenye orodha. Sasa mimi napima na yeye anaandika, ameketi kwenye kiti cha plastiki, ameipa darubini mgongo, ubao wa kuandikia mapajani. Ruhusa ya kutumia mwanga mwekundu tumepewa kwenye karatasi yenye muhuri, ambayo tunaibandika getini na ambayo mtu huja kuibandua. Nani alituchongea, hatujui hadi leo. Kuna siku nadhani ni mama wa Kigoma. Kuna siku nadhani ni dereva wa pikipiki. Na kuna jioni ambazo mzee ananyamaza sana, na ninajua anafikiri ni mimi.

Juzi nilimpa namba ya pembe. Aliiandika, kisha kalamu ikabaki juu ya karatasi.

"Iyi umesema haraka," alisema.

"Ni ileile nimeona, papa."

"Uliiona, ao uliikumbuka ya jana? Rudia."

Nilikuwa nimechoka, mbu walikuwa wananila miguuni. Nikaisukuma darubini, nikairudisha nyota katikati, nikazungusha lenzi upya, nikasoma. Ilikuwa tofauti, nyuzi mbili nzima. Nikamtajia. Aliandika ya pili, akaikata ya kwanza kwa mstari mmoja ili ibaki ikisomeka, akaniambia nipime tena.